F40 au 959? Uadimu si sifa

Niko Wasini. Nimekuja nyumbani kupumzika na kompyuta nimeifunga, lakini ubishi haukuniacha. Kisiwa chetu hakina magari. Ukishavuka kutoka Shimoni ni miguu yako tu. Hata hivyo jana barazani vijana walibishana mpaka adhana ya isha: kati ya Ferrari F40 na Porsche 959, ipi zaidi? Mmoja akafunga mjadala: "F40, kaka. Ni adimu, ndiyo maana ni ghali." Wote wakanyamaza. Mimi sinyamazi.

Kwanza, hesabu yenyewe si kweli. Ferrari ilipoitoa F40 mwaka 1987 ilikusudia magari 400 hivi. Wateja walipomiminika ikaendelea kuunda hadi 1992, yakapita 1,300. Porsche 959 za barabarani hazikufika hata 350. Yaani 959 ni adimu karibu mara nne, na bado mnadani F40 kwa kawaida huishinda bei. Kama uadimu ndio bei, hapo mnasemaje?

Pili, mwendo. Nakubali, F40 inakwenda kilomita 324 kwa saa na 959 inakwenda 317. F40 ina nguvu farasi 478, mwenzake 450, na ni nyepesi zaidi. Lakini tazameni namna mwendo huo ulivyopatikana. F40 ilipunguza: haina redio, haina zulia, mlango unaufungua kwa kuvuta kamba. 959 iliongeza akili: kompyuta ya kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, turbo mbili zinazopokezana, na vihisi vya upepo wa matairi. Mwaka 1986 ikashinda mbio za Paris-Dakar, mchangani na mawemaweni. Kilomita 7 za ziada kwenye karatasi hazinitoi hapo.

Mimi ni mtu wa programu, na ugonjwa huu naujua. Muuzaji akitangaza nakala 100 tu za programu, watu wanagombania, ilhali kuitoa ya 101 ni kubonyeza kitufe. Uchache huo ni uamuzi wa muuzaji, haumo ndani ya kazi yenyewe. Muulizeni Bill Gates: 959 yake ilizuiwa na forodha ya Marekani kwa zaidi ya miaka 10, kwa kuwa aina hiyo haikuwa imepitishwa kwa barabara za huko. Muda wote huo hakuna aliyeiendesha. Je, iliongezeka hata farasi mmoja?

Kinachoniudhi ni hiki. Kijana mwenye simu mkononi anaweza leo kujifunza bure jinsi turbo inavyofanya kazi. Badala yake anahifadhi bei za minada asiyoihudhuria. Magari mengi ya kawaida yanayopita Ukunda leo yana kompyuta na vihisi vya aina ile iliyobebwa na 959. Elimu hiyo inaweza kumpa mtu kazi. Bei ya F40 haitampa kitu.

Hapa Wasini mashua hatuisifu kwa uchache wake. Tunauliza: mkondo ukikaza, inafika? Basi na magari tuyaulize hivyo hivyo.