Ukubwa wa Pua si Wingi wa Kamasi: Tununue Leptopu Gani?

Nachukua nafasi hii niliyopewa na mhariri kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo limewagawanya wanachama wa Chama cha Kiswahili muhula huu wote. Fedha tulizopata kwa kuuza jarida letu, tukijumlisha na mchango wa wazazi, sasa zinatosha kununua kompyuta moja ya chama. Swali ni hili: tununue leptopu kubwa ya inchi 17, au tununue ndogo ya inchi 14 pamoja na skrini ya kuweka mezani? Vyote viwili haviwezekani. Kura itapigwa katika mkutano wa mwisho wa muhula, na kelele zimekuwa nyingi kuliko hoja.

Wale wa upande wa kubwa husema hivi: kitu kimoja, begi moja, kwisha maneno. Mimi niko upande wa ndogo na skrini yake. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, na naomba mnisikilize hadi mwisho kabla ya kunizomea.

Kwanza tujiulize, hii kompyuta ni ya kazi gani? Si ya kutazamia filamu, jamani. Ni ya kutengenezea jarida hili unalosoma. Mpaka sasa tumekuwa tukiandika kwa mkono, halafu karatasi zinapelekwa mjini Embu kupigwa chapa na mtu tunayemlipa kwa kila ukurasa. Mpiga chapa huyo hajui ukwapi wala utao. Mwaka jana shairi la mwenzetu lilirudi vipande vyake vimeunganishwa kama insha, na vina vya kati vikapotea kabisa. Kulirekebisha ni kulipa tena. Kwa hivyo tunachotafuta ni uwezo wa kupanga kurasa zetu wenyewe, tukiziona kwa macho yetu kabla hazijaenda kuchapishwa.

Sasa hebu tupige hesabu, kwani hisabati haina upendeleo. Inchi zinazotajwa dukani hupimwa kutoka pembe moja ya skrini hadi pembe ya mkabala. Mwenye kukumbuka Pythagoras na achukue kalamu. Skrini nyingi za siku hizi zina uwiano wa 16 kwa 9. Leptopu inayoitwa ya inchi 17, ambayo hasa ni 17.3, ina upana wa sentimita 38 hivi na kimo cha sentimita 21 na nusu. Skrini ya mezani ya inchi 22 ina upana wa karibu sentimita 49 na kimo cha sentimita 27. Ukizidisha, utaona ile ya mezani inaishinda ile ya leptopu kubwa kwa zaidi ya nusu ya eneo lake. Hiyo ndiyo leptopu inayosifiwa kwa ukubwa!

Tena fikiria ukurasa wa A4. Upana wake ni sentimita 21, kwa hivyo kurasa mbili zikikaa sambamba, kama jarida lililofunguliwa, zinataka sentimita 42. Kwenye skrini ya inchi 22 kurasa hizo mbili huenea karibu kwa ukubwa wake halisi. Kwenye leptopu ya inchi 17 ni lazima uzipunguze hadi kama robo tatu hivi, na maandishi yanakuwa ya kukodolea macho. Mhariri, mchoraji na mwalimu mlezi wakitaka kutazama pamoja, itabidi wasukumane mabega.

Hoja ya pili ni ya shingo. Leptopu, iwe kubwa iwe ndogo, imeumbwa skrini ikiwa imeshikamana na kibodi. Ukiiweka mezani, mikono inastarehe lakini kichwa kinainama. Ukiiinua ili macho yastarehe, mikono inaning'inia kama ya kanga aliyefungwa. Skrini ya peke yake haina tatizo hilo. Unaiinua juu ya vitabu viwili vitatu mpaka ukingo wake wa juu ulingane na macho, na leptopu inabaki chini mbele yako. Mtu wa kuandika barua moja hatalihisi jambo hili. Lakini wakati wa kutayarisha jarida kuna wanaokaa hapo Jumamosi nzima.

Hapa sasa nakuja kwenye hoja yenye nguvu ya wapinzani wangu, na sitaikwepa. Wanasema: stima zikipotea je? Leptopu ina betri, skrini ya mezani haina. Giza likiingia, skrini yenu ya kifahari inakuwa kioo cha kujitazamia, nanyi mnabaki na kijileptopu.

Hoja hii inauma zaidi sisi wa Kiambere kuliko watu wengine. Bwawa liko hapa kwetu, kwenye Mto Tana. Lilianza kuzalisha umeme mwaka 1988, mitambo yake miwili ikiwa na uwezo wa megawati 144, na baadaye ikaongezewa nguvu hadi megawati 168. Leptopu ndogo na skrini yake vikitumia wati 50 kwa pamoja, umeme huo ungewasha jozi kama hizo zaidi ya milioni tatu kwa wakati mmoja. Lakini nyaya kubwa za kilovolti 220 huondoka hapa zikapita juu ya vichwa vyetu mpaka Rabai, karibu na Mombasa, huku boma nyingi za kando ya bwawa zikiishi kwa koroboi kwa miaka mingi. Mfinyanzi hulia gaeni! Na hata walio na nyaya hawana uhakika. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na kabla mwaka huo haujaisha likatokea tena Novemba na Desemba.

Basi nawajibu hivi. Ni kweli, stima zikipotea skrini ya mezani itazimika. Lakini kazi haitazimika. Leptopu ndogo itaendelea kwa betri yake, na mara nyingi itadumu kuliko ile kubwa, kwa sababu kioo kikubwa nacho kina tumbo lake la kulisha. Tutapoteza upana kwa saa kadhaa. Wakati wa giza tutaandika na kusahihisha, kazi ambayo inchi 14 zinaitosha. Stima zikirudi tutapanga kurasa. Mkulima wa hapa Mbeere hapandi ndengu siku ya kiangazi, anatengeneza ua na kungoja mvua. Kila kazi na wakati wake. Isitoshe, leptopu ndogo haihitaji paneli kubwa ya sola kuijaza, ilhali jua ni kitu ambacho Kiambere hatujawahi kukosa.

Hoja yao nyingine ni kwamba vitu viwili huharibika mara mbili, tena nyaya hupotea. Nyaya hupotea, sikatai. Ila tazameni upande wa pili. Leptopu huanza kuchoka mapema: betri inakufa, kibodi inaingia vumbi, na vumbi letu mnalijua. Skrini ya mezani haina betri wala kibodi, inakaa mahali pamoja, na kwa kawaida huishi miaka mingi kuliko leptopu iliyonunuliwa nayo. Leptopu ikifa, chama kitanunua leptopu tu na kuichomeka kwenye skrini ile ile. Skrini ikifa, leptopu bado ina yake. Lakini leptopu kubwa ikianguka kioo kikapasuka, tumebaki na sinia la plastiki. Aidha, skrini inaweza kuchomekwa kwenye leptopu ya mwalimu, au kwenye kompyuta yoyote ya maabara ambayo kioo chake kimekufa.

Tena kuna habari ya safari. Tukienda kuchapisha Embu tunapanda matatu hadi Kiritiri kisha tunaendelea. Leptopu ya inchi 14 ina uzito wa kilo moja na nusu hivi, inaingia kwenye mkoba wa vitabu na hakuna ajuaye. Ile ya inchi 17 ni kama kilo mbili na nusu au zaidi, na mkoba wake unawaita wezi kwa jina.

Lakini wenzangu, hata hesabu hizi zote si kiini cha maoni yangu. Kiini ni hiki: nani ataitumia?

Sisi ndio kizazi cha vifaa vya serikali. Mwaka 2013 tuliahidiwa leptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Ahadi ikageuka ikawa tableti, na mwaka 2016 zikaanza kusambazwa katika shule za msingi, mwaka ambao wengi wetu wa Kidato cha Tatu tuliingia darasa la kwanza. Kila mmoja anakumbuka yaliyofuata shuleni kwake. Katika shule nyingi vifaa vile vilifungiwa kabatini kwa hofu ya kuibwa au kuharibika, vikatolewa siku ya wageni. Katika shule niliyosoma mimi, niliishika tableti mara mbili. Kifaa kilikuwepo, elimu ikawa kufuli.

Leptopu kubwa ya bei ghali, yenye kila kitu ndani yake, najua itakwenda wapi. Itakuwa kitu cha thamani cha chama, mwenye ufunguo ni mmoja, na anayeruhusiwa kuigusa ni yule ambaye tayari anajua. Anayejua atazidi kujua. Asiyejua atasimama nyuma akichungulia. Na wasiojua si wachache. Kuna wenzetu humu ambao wazazi wao waliuza ndengu, muguka au mbuzi ili walipe mchango huu, na ambao hawajawahi kuandika sentensi moja kwa kompyuta. Pesa zao zimo katika kompyuta hii sawa na za mtu mwingine.

Skrini ya inchi 22 iliyosimama mezani katika chumba cha chama ni kama ubao. Mmoja akiandika, wanane wanaona. Wanaona jinsi kosa linavyofutwa, jinsi ubeti unavyopangwa, jinsi picha inavyoingizwa ukurasani. Halafu wanabadilishana viti. Hata mwenye haya, asiyethubutu kuuliza, anajifunza kwa kutazama. Ndiyo maana nasema skrini ile ni ya wanachama wote, hata kama leptopu yenyewe italala ofisini kwa mwalimu mlezi kila usiku, na ni vizuri ilale huko.

Kama mtakubaliana nami, naomba kamati ya ununuzi izingatie mambo matatu, maana kule Luthuli Avenue Nairobi ulimi wa muuzaji ni mtamu kuliko asali ya Mbeere.

La kwanza, matundu. Waulize leptopu ina tundu gani la kutolea picha na skrini ina lipi la kuipokea. Skrini nyingi za mitumba zina VGA tu, na leptopu nyingi mpya zina HDMI. Zisipolingana utahitaji kiunganishi. Kuna pia tundu la USB-C, lakini si kila USB-C inatoa picha. Zichomekwe pale pale dukani na ziwashwe kabla ya senti kutoka mfukoni.

La pili, umri. Windows 10 ilikoma kupata matengenezo ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi mashine nyingi za zamani. Kwa leptopu za mitumba zenye Intel Core, tusichukue iliyo chini ya kizazi cha nane, ila tukiwa tayari kutumia Linux, ambayo ni ya bure.

La tatu, daftari. Kila anayetumia aandike jina, saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Mwisho wa muhula tulisome daftari hilo mbele ya chama. Tukikuta majina matano tu kati ya wanachama wote, basi tujue tumejenga kabati jingine.

Kwa wale wa leptopu kubwa, sina ugomvi nanyi. Mtu anayeishi peke yake, anayehama hama na asiye na meza, kubwa yaweza kumfaa. Chama chetu kina meza, kina chumba, na kina watu wengi wenye njaa ya kujifunza. Ndiyo maana kura yangu ni ndogo na skrini yake. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ndizo hizo, na zenu tutaziona siku ya kura.

Mwanachama, Kidato cha Tatu