Magari ya Bruxelles yanang'aa, lakini mpira wa matairi ulitoka wapi?



Kwenye simu zetu zinafika picha za ndugu walio Ubelgiji: fulani amesimama kando ya gari la zamani la mashindano, anacheka. Nyingi zinapigwa Autoworld, makumbusho ya magari yaliyofunguliwa mwaka 1986 katika bustani ya Cinquantenaire, Bruxelles. Humo kuna zaidi ya magari 200.

Mimi ni mpenzi wa magari hayo, na sifichi. Gari la mbio lisilo na paa wala mkanda, dereva amevaa miwani ya vumbi, linanifurahisha kuliko jeep mpya zinazotumwagia matope pale Essence. Kwa hiyo siwaambii msiende. Nendeni, ila msitoke humo kimya.

Anzeni na bustani yenyewe. Lile tao kubwa lilimalizika mwaka 1905. Aliyeligharamia ni mfalme Leopold II, kwa fedha zilizotoka Kongo, nchi aliyoifanya mali yake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Katika ukumbi wa makumbusho hayo, maonyesho ya magari mapya yalianza kufanyika mwaka 1902. Matajiri wa Bruxelles walikuja kuchagua gari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1904, kule Kongo, baba mmoja aitwaye Nsala alipigwa picha akiwa ameketi barazani, anatazama kiganja na mguu wa binti yake mdogo. Ndivyo vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kupita kijijini. Picha hiyo ilipigwa na mmisionari Alice Seeley Harris, na dunia yote iliiona.

Sasa tuje kwenye mbio. Mtu wa kwanza kupita kilomita 100 kwa saa ndani ya gari alikuwa Mbelgiji, Camille Jenatzy. Ilikuwa tarehe 29 Aprili 1899, huko Achères karibu na Paris. Alifika kilomita 105 na zaidi. Wapenzi wa mbio tunalijua jina lake kama vile watoto wanavyojua majina ya wachezaji wa mpira. Gari lake lilikimbia juu ya matairi ya Michelin yenye upepo ndani, na baba yake alikuwa na kiwanda cha vitu vya mpira. Kasi ile ilihitaji mpira, na mpira ulihitaji watu wa kuukusanya msituni.

Sisemi kila tairi lilitoka Kongo. Brazil nayo iliuza mpira mwingi. Wala sisemi mpira huo ulitoka Kivu. Mwingi ulitoka Équateur na Kasai. Sisi zamu yetu ilikuja baadaye, kwa dhahabu ya Kamituga. Ninachosema ni hiki: makumbusho yoyote ya magari, popote duniani, yakiandika jina la dereva, jina la fundi na nguvu za injini, yaandike pia mpira ulipatikana namna gani. Maandishi mistari mitatu kando ya gurudumu hayavunji ukuta wa mtu.

Najua kuna atakayenijibu kwa hasira: «Watu wanalala makanisani na mashuleni, wewe unatuletea habari za magari ya Wazungu?» Namwelewa, lakini hapo simfuati. Gari la Jenatzy lilikuwa gari la umeme. Leo, baada ya zaidi ya miaka 120, dunia imerudi kwenye gari la umeme, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile inayoingia katika betri nyingi za magari hayo, inachimbwa Lualaba na Haut-Katanga. Koltani ya Rubaya inaishia ndani ya vyombo vya elektroniki. Siku moja magari haya nayo yatawekwa ndani ya kumbi, yatapanguswa vumbi, na watoto watalipa tiketi kuyaona. Je, Rubaya itaandikwa? Mama aliyekimbia na watoto wanne na godoro kichwani ataandikwa?

Mtu aliyekimbia vita ndiye anayelielewa jambo hili kuliko wote. Akifika mahali bila karatasi, anaambiwa hakuwahi kuwa na nyumba. Kisichoandikwa kinakanushwa.

Kwa hiyo ninawaomba mambo mawili. Ninyi wa Ubelgiji, mkiingia kwenye makumbusho ya magari, hapo au kwingine, mwulizeni anayewatembeza, kwa adabu, mbele ya watoto wenu: mpira wa matairi haya ulitoka wapi, na kwa mikono ya nani? Ninyi mliokimbia, andikeni ndani ya kaye ya shule jina la kijiji, tarehe mliyotoka, nani alibaki, nini kilichimbwa mlimani kwenu. Asiyejua kuandika amsimulie mtoto anayesoma. Andikeni kwa Kiswahili, Mashi, Kirega, Kifuliiru, lugha yoyote ile.

Wenye magari wana makumbusho tayari. Sisi tuanze na kaye.