Elimu ya Jinsia Isimwache Mtoto Nje

Elimu ya jinsia ikitajwa katika mikutano ya jumuiya zetu, wazazi wengi huinamisha vichwa, na wengine hunong'ona kwamba ni mambo ya kuharibu watoto. Tunawaomba waamini wenzetu warudi kwenye hati za Kanisa lenyewe. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya Elimu ya Kikristo, la mwaka 1965, lilitaka watoto na vijana wapewe elimu ya jinsia iliyo njema na ya busara, kadiri ya umri wao. Mwaka 2016 Baba Mtakatifu Fransisko alilirudia jambo hilo katika wosia wake Amoris Laetitia. Linalotusumbua sisi ni nani hasa anayefundishwa.

Mtoto kiziwi, asiyeona, au mwenye ulemavu wa akili mara nyingi huachwa kando, kana kwamba mwili wake haukui. Mwalimu asiyejua lugha ya alama hulipita somo upesi. Nyumbani nako hakuna ishara za kuyataja mambo hayo. Akiguswa vibaya na jirani, au na ndugu (maana ndugu nao wamo), atamwambia nani, na kwa maneno gani? Mkosaji anajua ukimya huo vizuri kuliko sisi.

Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Hatufichi kwamba Kiti Kitakatifu kilikataa kuutia sahihi kwa sababu ya maneno ya kifungu cha 25 juu ya afya ya uzazi, kikihofia utoaji mimba. Hofu hiyo tunaiheshimu. Lakini kifungu cha 16, kinachodai walindwe dhidi ya unyonyaji na ukatili, hakina la kutugawa, na mtoto asiyejua majina ya viungo vyake halindiki.

Yupo pia msichana aliyejifungua, ambaye tangu Novemba 2021 Serikali imemruhusu kurudi darasani. Akifika hukuta vicheko, na mvulana aliyempa mimba hajafundishwa lolote.

Tunaziomba halmashauri za walei ziwaulize walimu wakuu wa shule jirani ni nani anayewafundisha watoto hawa, na kwa lugha gani. Kabla ya hapo, zitazame darasa la Kipaimara la parokia yao: je, mtoto kiziwi ameandikishwa?