Helmeti ya kwenye usukani

Wadau, leo nina hasira. Boda wengi wa Kibaha na Kisarawe helmeti wanazo, ila zinaning'inia kwenye usukani mpaka waone trafiki. Abiria ndo kabisa, hapewi. Taya likivunjika unakimbizwa Tumbi, pengine mpaka Muhimbili: meno yanafungwa nyaya wiki kadhaa, uji kwa mrija, au unawekewa vyuma vya titani. Halafu mtaani wanasema "chuma kimeota kutu". Titani haioti kutu jamani! Tatizo bakteria wa mdomoni: wakiingia kwenye kidonda, hasa kwa mvuta sigara, usaha unatoka na chuma pengine kinatolewa, unapasuliwa upya. Na helmeti zisizofunika kidevu, taya zinalilindaje? Mie sizipandii hizo, bora nichelewe kipindi.