Chaki Ikae Mfukoni

Wadau, pale Lamadi, njia panda ya Mwanza, Musoma na Bariadi, meza ya pool haina refa. Mwenye sauti kubwa ndiye refa. Kwa hiyo leo naomba tuongelee kulenga.

Kuna jamaa akitaka kupiga anaacha chaki ukingoni mwa meza, eti kaisahau. Kumbe ni alama: mpira mweupe ugonge hapo ndipo urudi. Ukimwambia aitoe, anakuuliza imeandikwa wapi.

Imeandikwa! Kanuni za WPA, chama cha pool cha dunia, zinahesabu kuweka alama mezani, hata kwa chaki, kuwa ni utovu wa uanamichezo. Kupimia kwa fimbo ni ruksa, ilimradi umeishika mkononi. Tofauti iko wazi. Fimbo utaiinua ili upige, ubaki na jicho lako. Chaki inabaki pale pale, inakulengea.

Najua wapo watakaosema huu ni mchezo wa mtaani tu. Sawa, lakini mtaani aliyefungwa ndiye anayelipia meza. Kwa kijana wa bodaboda hiyo ni hela ya mafuta. Akifungwa kihalali atalipa huku anacheka. Akifungwa na chaki, hapo ndipo fimbo zinapogeuka silaha.

Dawa ni rahisi: semeni kabla mchezo haujaanza. Chaki mfukoni, watazamaji wasielekeze. Anayekataa masharti hayo, mwachie meza.

Au mnasemaje wadau?