Mofini: Ufunguo Anao, Kalamu Hana

Kifungu cha 3 cha sheria ya mwaka 1994 ya kudhibiti dawa za kulevya nchini Kenya kinawataja wanaoweza kumwandikia mtu dawa kali ya maumivu kama mofini: daktari, daktari wa meno na daktari wa mifugo. Naam, wa mifugo. Muuguzi hakutajwa. Katika hospitali za rufaa za Kitale na Bungoma pengo hilo halionekani sana, maana madaktari wapo. Lakini panda hadi Endebess au Kopsiro. Huko mgonjwa wa saratani ya umio, maradhi yaliyoenea magharibi mwa nchi, humtegemea muuguzi wa zahanati, naye hata akiwa amesomea huduma shufaa hana la kumpa ila panadol na barua ya rufaa.

Ng'ambo ya mpaka wa Lwakhakha mambo ni tofauti. Tangu 2004, Uganda inawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki wenye mafunzo maalumu kuandika mofini ya maji, ile inywewayo. Wanaopinga Kenya kufuata nyayo hizo wanahofia uraibu, na hofu yao si ya kupuuzwa. Marekani iliungua kwa dawa za jamii hiyohiyo, na kampuni ya Purdue Pharma ilikiri makosa mahakamani mwaka 2007, ikakiri tena 2020, kuhusu ilivyoinadi dawa yake ya OxyContin. Ila dawa hizo ziliandikwa na madaktari wenye leseni. Shahada ya udaktari haikuzuia kitu.

Kinachozuia ni daftari. Wodini mofini hukaa kwenye kabati la dawa hatari (DDA) lenye kufuli mbili. Kila kipimo kinachotoka huandikwa na kutiwa sahihi, na zamu zikibadilishana kilichobaki huhesabiwa. Anayefanya kazi hiyo ni nani? Muuguzi. Tumemwamini kwa ufunguo, tukamnyima kalamu. Atakayesema kwamba hata diazepam, dawa nyingine inayodhibitiwa, huuzwa madukani bila karatasi ya daktari hajakosea, lakini hilo ni la wakaguzi wa Bodi ya Famasia na Sumu kulitatua. Mgonjwa wa Kopsiro hahusiki.

Mwaka 2022 Bunge liliirekebisha sheria hii, likakazia adhabu. Sasa wabunge wa Trans Nzoia na Bungoma wapeleke marekebisho mengine: muuguzi na afisa wa kliniki waliofunzwa waongezwe kwenye kifungu cha 3, kwa mofini ya kunywa pekee, na daftari likaguliwe kila mwezi.