Kiberiti kwa boneti hakithibitishi kitu

Wasee, hii naandika nikiwa na aibu kidogo. Mkimaliza kusoma mnaruhusiwa kunicheka.

Mwaka jana niliposti video ya seramiki. Wengi wenu ndiyo iliwaleta hapa. Boneti nyeusi inang'aa kama kioo, jamaa anamwaga maji, maji yanatimua mbio kama mchuuzi aliyeona kanjo. Halafu anachora na maka peni, anapangusa, wino umeenda. Halafu anawasha kiberiti cha gesi, anashikilia moto juu ya rangi sekunde kadhaa, anafuta, hakuna alama. Mimi nyuma ya simu napiga nduru, "Aki wewe!" Nililipwa Sh10,000 na nikapewa maneno matatu ya kusema: 9H, miaka 5, haikwaruziki.

Kuzo wangu aliiona hiyo video. Ana Nissan Note nyeusi, anabeba abiria wa mtandaoni kutoka Rongai mpaka usiku wa manane. Aliniuliza, "Hii kitu ni ya ukweli?" Nikamwambia kabisa. Alichukua mkopo wa chama akalipa Sh35,000 pale pale nilipofanyia video.

Baada ya miezi minne nilikutana naye usiku kwa petroli stesheni. Chini ya zile taa nyeupe nikaona boneti yake: mikwaruzo ya mviringo kila mahali, kama utando wa buibui. Sikuwa nimeulizwa kitu, yeye ndiye aliyeanza kujitetea. "Labda ni mimi siioshi vizuri, kuzo." Kumbe alikuwa ameshawarudia. Wakamwonyesha maandishi madogo nyuma ya karatasi ya waranti: mikwaruzo haihesabiki, na gari lazima irudishwe kwao kila miezi sita kwa huduma ya kulipia. Akiosha kando ya barabara, waranti imekufa. Dereva wa teksi Nairobi ataosha wapi kama si kando ya barabara?

Sasa acha niwachanue. Na ninaanza na hiyo 9H kwa sababu ndiyo inauza.

Nilipoisema kwa video nilidhani ni ile skeli ya ugumu wa mawe tuliyofundishwa shuleni, ya Mohs, ambayo ulanga ni 1 na almasi ni 10. Kwa hiyo 9 ni karibu na almasi, si ndio? Hapana, buda. 9H ni penseli. Penseli ya kuandikia! Ile HB tuliyofanyia KCPE iko katikati ya hiyo skeli, zinazoanza na B ni laini, zinazomalizia na H ni ngumu, na 9H ndiyo ngumu kuliko zote. Kipimo chenyewe ni kusukuma penseli juu ya rangi kwa pembe ya nyuzi 45, ikiwa na uzito wa gramu 750, kisha unaangalia kama imechimba. Ikishindwa kuchimba, umepata 9H yako.

Na ndani ya penseli kuna nini? Grafiti na udongo wa mfinyanzi. Vumbi la barabara, kwa upande mwingine, lina chembe za mchanga, na mchanga mwingi ni kwatzi, ambayo kwa skeli ya Mohs ni 7. Hakuna seramiki ya chupa inayozuia kwatzi ikisuguliwa na kitambaa cha mtu mwenye haraka. Mtu akikuambia 9H maana yake haikwaruziki, ama hajui anachouza ama anajua sana.

Kuna na unene. Tabaka la seramiki ni mikroni moja au mbili, mara nyingine hata haifiki moja. Unywele mmoja wa kichwa chako unaweza kufika mikroni 70. Chini ya hiyo seramiki kuna klia, ile vanishi isiyo na rangi, na hiyo kwa kawaida ina mikroni kama 40 au 50. Kwa hivyo ukisukuma penseli juu ya kitu chembamba hivyo, sehemu kubwa unapima klia iliyo chini. Unasifia shuka kumbe ni godoro.

Kiberiti je? Hii ndiyo inaniuma zaidi kwa sababu nilipiga nduru mwenyewe. Klia ya kiwandani huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140 ikiwa mpya. Chini yake kuna chuma, na chuma hunyonya joto na kulisambaza haraka. Moto mdogo wa sekunde tatu unaweza kupita juu ya klia tupu bila kuacha kitu. Rudieni video yangu akilini: kuna mahali tulichoma upande ambao haujapakwa? Hakuna. Bila huo upande wa pili hilo si jaribio, ni mazingaombwe. Na tafadhali usiende kujaribu kwa gari ya mzazi wako.

Maka peni ina ukweli kidogo. Inaonyesha kwamba uso ni mtelezi na wino haushiki. Leo. Siku ya kwanza. Haisemi lolote kuhusu mwezi wa nane.

Halafu maji. Hapa ndipo wasee wote tunanaswa, kwa sababu matone ni matamu kwa kamera. Lakini matone yanakuambia jambo moja tu, kwamba uso hautaki maji. Waksi ya kopo inafanya hivyo. Hata dawa ya kupuliza ya bei ya chapati chache inafanya hivyo.

Hii ya maji niliijaribu mwenyewe. Nilienda Grogan nikanunua boneti nyeusi ya gari iliyogongwa nyuma, nikaisafisha, nikaipiga polishi, nikaigawa mara tatu kwa utepe wa karatasi. Kushoto hakuna kitu. Katikati waksi ya Sh600. Kulia seramiki ya chupa niliyonunua na pesa yangu, sikupewa na mtu. Nikaiacha siku mbili ndani ikauke, kisha nikaipandisha juu ya paa la ploti yetu, jua na mvua na vumbi. Landilodi aliuliza kama nafungua gereji.

Siku ya kwanza nikamwaga maji, nikapiga picha, nikawauliza kwa status ni upande gani ni seramiki. Wengi mlichagua waksi. Screenshot ninazo.

Kila Jumamosi niliosha zote tatu kwa njia moja. Wiki ya saba hivi waksi ikaanza kulala, maji yakawa yanakaa kama dimbwi. Seramiki ilikuwa bado inayafukuza. Na kinyesi cha ndege kilichokaa usiku mzima kilitoka upande wa seramiki bila kusugua, upande mtupu kikaacha kivuli ambacho bado kiko. Kwa hivyo msiseme nimekuja kuponda. Seramiki inafanya kazi: inakaa muda mrefu kuliko waksi, inavumilia dawa na uchafu mkali vizuri zaidi, na gari inaoshwa kwa nguvu kidogo. Hizo ndizo sifa zake.

Halafu wiki ya kumi nikafanya ile kitu kuzo wangu anafanyiwa kila asubuhi. Nikachukua ndoo moja na kitambaa kimoja, kitambaa kikapita kwanza kwa rimu la gari ya jirani, kisha kikaja kwa boneti yenye vumbi, bila kuimwagia maji kwanza. Dakika tatu tu. Usiku nikapanda na tochi ya simu. Utando wa buibui pande zote tatu. Nilijaribu kuona kama upande wa kulia una nafuu, nikashindwa. Sh600 na seramiki na bure kabisa, mikwaruzo ileile.

Hicho ndicho hakuna mtu alimwambia kuzo wangu, mimi nikiwa wa kwanza. Alilipa Sh35,000 kuzuia kitu ambacho kinazuiwa na ndoo ya pili.

Tuseme basi unayo tayari, au umeamua kupaka. Sawa. Siku za mwanzo ndizo muhimu. Watengenezaji wengi wanataka gari isiguse maji kama saa 24, na isioshwe kwa sabuni kama wiki moja. Kuzo alipewa gari jioni ileile, mwezi wa nne, na mnajua mvua ya mwezi wa nne. Fundi anayekuruhusu kuondoka hivyo bila kukuambia lolote ameshakuonyesha anavyojali.

Kuosha: kwanza mwaga maji ya kutosha vumbi litoke kabla mkono haujagusa. Ndoo moja ya shampuu, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia glovu kila ukimaliza mlango. Rimu zina kitambaa chake, na hicho kisipande juu hata siku moja. Shampuu iwe ya magari, si ile sabuni ya unga ambayo chembe zake hata hazijayeyuka. Fanya kivulini. Ukiachia jua likaushe, maji yanaenda na madini yanabaki, na hapo yale matone matamu ya kamera yanageuka kuwa duara nyeupe. Watu wa Kitengela na Athi River wenye maji ya chumvi mnanielewa. Kausha kwa taulo la maikrofaiba. Kinyesi cha ndege usikisubirishe mpaka Jumamosi, hasa ukiegesha chini ya wale marabou wa karibu na Nyayo. Wale hawadondoshi kidogo.

Na kabla hujauziwa seramiki ya pili, sikiliza. Kuna siku maji yataacha kukimbia na utaambiwa imekufa, lipa tena. Mara nyingi haijakufa, imezibwa. Vumbi, mafuta ya moshi, chembe za chuma za breki na madini ya maji vinakaa juu yake, kwa hivyo maji yanakutana na uchafu kabla ya kuifikia. Osha vizuri na shampuu ya kusafisha kabisa, ile isiyo na waksi ndani. Puliza ile dawa ya chuma inayogeuka zambarau, suuza. Tumia dawa ya madoa ya maji kama unayo madoa. Kisha mwaga maji tena. Yakikimbia, umejiokolea elfu kadhaa. Yakilala paneli nzima hata baada ya hapo, basi kweli imeisha. Kwa Note ya kuzo tulifanya hivyo Jumapili moja asubuhi, na maji yalikimbia mpaka akacheka. Seramiki yake ilikuwepo muda wote. Mikwaruzo pia ilikuwepo.

Najua komenti zinazokuja. "Si angeipeleka tu ikapigwa polishi?" Ndiyo, mikwaruzo itatoka, na seramiki itatoka nayo, pamoja na mikroni kadhaa za klia. Hizi gari zetu zinakuja kutoka Japani zikiwa na miaka mpaka 8, na hujui huko zilipigwa polishi mara ngapi. Klia haikui tena kama nywele. Mwambie fundi apime unene kabla hajawasha mashine, na kama hana kipimo, tafuta mwenye nacho.

Komenti ya pili: "Vijana wa kuosha unawaharibia kazi." Mimi? Kijana analipwa mia mbili kwa gari, anapewa ndoo moja na kitambaa kimoja na tajiri wake, na anatakiwa amalize kabla foleni haijaongezeka. Huyo hajamdanganya mtu yeyote. Aliyedanganya ni mwenye kuuza miaka 5 akijua gari itaoshwa na ndoo moja kila siku, na mwenye simu aliyepiga nduru kwa Sh10,000.

Kwa wenzangu wa kutengeneza video: ukiitwa kurekodi, sema unataka nusu ya boneti ibaki bila kupakwa, na unataka kurudi baada ya miezi mitatu kurekodi tena. Mimi nimeanza kusema hivyo. Wawili tayari wameacha kujibu meseji zangu.

Video ya zamani nimeifuta. Ile Sh10,000 niliitumia zamani, kwa hivyo nilimnunulia kuzo vitu kwa pesa nyingine: ndoo mbili, glovu, taulo nne na shampuu ya lita moja, jumla Sh4,200. Anavibeba kwa buti, na yule kijana wake wa Rongai anampa hamsini juu avitumie. Deni la chama bado ana miezi mitatu.

Boneti iko juu ya paa. Anayetaka kuja kuiangalia aje usiku, na tochi yake.